Asijue Mpaka Fainali Iishe

"Konso asijue mpaka fainali iishe. Akijua sasa hivi, nani atakuwa macho yangu?"

Hiyo ni sauti ya Lusajo. Mchumba wangu!

Niliisikia kwenye hedifoni, masikio yote mawili. Mimi niko juu ya mnara wa mabomba ya chuma ufukweni Bagamoyo, darubini mkononi. Yeye yuko katikati ya bahari, ndani ya boti ya mashindano, anapasua maji kwa kasi ambayo gari lako halijawahi kuiota.

Nikasema labda ni jua. Jua la Bagamoyo linaweza kukufanya usikie mambo yasiyokuwepo.

Halafu nikamsikia Dulla, mwenzake wa ndani ya boti.

"Na send-off Jumamosi? Timu nzima tunakwenda Kisarawe. Hatashtuka karakana ikiwa tupu?"

"Nitamwambia tumepewa mapumziko. Konso ukimwambia pumzika anapumzika. Hana maswali yule."

Akacheka... Lusajo akacheka, jamani! Kile kicheko chake cha puani ambacho mimi nilikuwa nakipenda.

"Na Magreth? Hajui kuhusu Konso?"

"Anajua tuliachana zamani. Oya, angalia mafuta, boya lile pale."

Ndugu zangu mnaosoma, ngojeni niwaeleze kidogo, maana najua wengi wenu hamjui hata kama Tanzania kuna watu wanashindana kwa boti baharini. Wapo. Na mimi nilikuwa mmoja wa watu wa nchi kavu wanaowahudumia.

Jina langu Konsolata. Kwetu ni Msimbu, Kisarawe, lakini nilikuwa nimepanga chumba Visiga, Kibaha, karibu na karakana ya timu yetu. Boti yetu inaitwa Kipanga. Inalala Visiga nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na siku ya mashindano tunaivuta kwa trela kupitia Mlandizi mpaka Bagamoyo. Watoto wa njiani wanatukimbilia wakipiga kelele, "Meli! Meli!"

Ndani ya boti wanakaa watu wawili. Lusajo anashika usukani. Dulla anashika mafuta, yaani yeye ndiye anaongeza na kupunguza mwendo. Boti inaruka, maji yanawapiga usoni, hawaoni mbali. Sasa nani anawaonea?

Mimi.

Nakaa juu ya mnara naangalia bahari, nawaambia: wimbi kushoto, boya kulia, mtumbwi mbele, punguza, ongeza. Mwenye ruhusa ya kuongea redioni ni mimi peke yangu. Wengine wote ufukweni wana vipokea sauti sikioni, wanasikiliza tu. Na sheria yetu kubwa ni hii: sauti yangu ikikatika, Dulla anatoa mafuta hapo hapo. Kimya maana yake hatuoni, simama.

Redio yenyewe inapitisha sauti pande zote kwa pamoja kama simu. Ila ya kwao ndani ya boti siipati mpaka Lusajo abonyeze kitufe kwenye usukani. Siku hiyo, tukiwa kwenye nusu fainali, kitufe kilikwama kwa chumvi. Yeye anaongea na Dulla, kumbe anaongea na mimi.

Na si mimi tu!

Wote waliokuwa chini walisikia. Kwa hiyo nikainama niwaangalie. Nilitaka nimwone mtu mmoja tu aliyeshika mdomo kwa mshangao.

Mafundi wanaangalia mchanga. Mzee Sospeter, mwenye timu, anafuta miwani yake. Anifa, shoga yangu, tunayekula naye sahani moja kila siku, akaniangalia mara moja halafu akageuka kama anatafuta kitu kwenye mapipa ya mafuta.

Hakuna aliyeshtuka.

Hapo ndipo nilipoelewa. Wote walikuwa wanajua!

Nikanyamaza.

Na nilivyonyamaza, kule baharini Kipanga ikaanza kupoteza mwendo. Dulla ametoa mafuta. Sheria ni sheria.

"Konso? Konso, uko hewani?"

Kimya.

"Konso! Tunaonaje huko? Ongea!"

Nikaiona boti ya bluu. Ilikuwa nyuma yao, inakuja kasi, imefunikwa na povu la maji. Dereva wake hawezi kuona kwamba kuna boti imesimama mbele. Na Lusajo hawezi kuona nyuma. Dunia nzima aliyekuwa anaziona boti zote mbili ni mimi niliye juu ya mabomba.

Nitasema ukweli, mnisamehe. Kuna kitu ndani yangu kilisema, nyamaza Konso, wewe si huna maswali?

Kisha nikamkumbuka Dulla. Nikamkumbuka na yule dereva wa bluu ambaye hata jina lake silijui.

"ONGEZA! Kulia yote! Ongeza, ongeza, ongeza!"

Kipanga ikaruka kulia. Boti ya bluu ikapita palepale walipokuwa wamesimama. Ufukweni watu wakapiga ukelele wakidhani ni ufundi.

Nikawaongoza mpaka mwisho. Walimaliza wa pili, wakaingia fainali. Wenzangu wakakimbilia majini kushangilia, mimi nikashuka ngazi taratibu.

Nikamfuata Anifa kwanza.

"Anifa, ulijua?"

"Konso, shoga yangu..."

"Ulijua?"

"Tuko kwenye kamati ya harusi wote. Kuna grupu. Walisema tusikwambie mpaka mashindano yaishe, usije ukavurugika."

"Kile kitenge..."

Akainamisha kichwa.

Mwezi uliopita nilimsindikiza Anifa Kariakoo kuchagua kitenge cha sare. Aliniambia ni harusi ya binamu yake. Tulizunguka mpaka miguu ikavimba. Rangi nilichagua mimi! Ile ya zambarau yenye maua ya njano. Nilimwambia, "Hii, bibi harusi atakushukuru."

Lusajo akaja, maji yanamtiririka, helmeti mkononi. Alikuwa ameshaambiwa kuhusu kitufe.

"Konso, nilitaka nikwambie mwenyewe."

"Lini?"

"Baada ya fainali. Elewa basi, hii ni timu. Wewe ukivurugika sisi tunakufa kule."

"Kwa hiyo ulinificha kwa faida yangu?"

"Kwa faida ya wote."

Nilimtazama usoni nikitafuta hata chembe ya aibu. Alikuwa na wasiwasi tu, wasiwasi wa mtu ambaye gari lake limegoma kuwaka. Nikavua jaketi la timu nikaliweka juu ya pipa, nikaondoka. Hakunifuata mtu.

Visiga nilifungasha nguo zangu nikaenda kwa mama Msimbu.

Jamani, upweke usikieni tu kwa wenzenu. Mimi nilikuwa na simu ambayo kila siku inalia: Konso njoo, Konso hali ya bahari ikoje kesho, Konso betri za redio. Sasa ikalala juu ya meza kama tofali. Nikawa naichukua, naiwasha, naangalia kama labda mtandao umekatika. Mtandao upo. Watu ndio hawapo.

Nikawa nabandua maganda ya muhogo na mama uani. Mama si mtu wa maneno mengi.

"Amekuacha?"

"Ameniacha."

"Na kazi?"

"Kazi nimeiacha mimi."

"Haya. Leta ule ungo."

Basi. Nilitaka anikumbatie, lakini mama yangu hajui mambo hayo. Usiku nikamsikia anasali rozari, amelitaja jina langu zaidi ya mara moja.

Jumamosi ikafika. Mimi niko nje nafua. Akapita Mama Wilbrod, jirani yetu, kapendeza, kajipaka na poda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nawahi Kisarawe mjini, kuna send-off ya binti wa rafiki yangu. Mwalimu Magreth. Anaolewa na dereva wa maboti! Umeionaje sare yetu?"

Zambarau. Maua ya njano.

"Nzuri, mama. Imekupendeza."

Akaenda zake akitembea kwa maringo. Nikakaa chini kwenye maji ya sabuni nikalia mpaka kuku wakanizoea.

Siku chache baadaye simu ikaanza kulia tena. Moyo ukanidunda! Nikasema wamenikumbuka.

Mzee Sospeter: "Binti yangu, fainali Jumapili. Njoo redioni."

Anifa: "Shoga, rudi basi. Fundi mmoja amejaribu kukaa mnarani, nusura wagonge boya."

Hakuna aliyeuliza nimeamkaje. Nikaizima.

Kesho yake ikaingia bodaboda uani kwetu. Akashuka dada mmoja mrefu, mpole, amevaa sketi ya kazini na pochi kifuani. Alimsalimia mama kwa heshima zote, akapiga na goti. Kisha akanigeukia.

"Wewe ndiye Konso?"

"Ndiyo, ni mimi."

"Mimi Magreth."

Mama akachukua ungo wake akaingia ndani. Alituacha hapo wawili.

Nilitaka nimchukie, wallahi. Nilikuwa nimejiandaa. Lakini nilimwona anajishika tumboni kama wanavyofanya wenye mimba changa bila kujua.

"Sikuja kwa ubaya," akasema. "Najua wewe na Lusajo mlikuwa pamoja zamani."

"Zamani ya lini?"

"Aliniambia mliachana mwaka juzi."

"Magreth, sisi tumeachana siku ile ya nusu fainali. Na hata hapo hakuniambia mimi, nilimsikia anamwambia Dulla redioni."

Kisha uso ukabadilika, ukawa mgumu.

"Alinambia utasema hivyo."

"Hivyo hivyo?"

"Alisema bado una uchungu, utatunga mambo. Dada, mimi sitaki ugomvi. Nimemwomba aache fainali, amekataa. Anasema ataingia hata kama mnarani atakaa mbuzi. Nina mtoto wake tumboni. Naomba urudi umwonee njia siku hiyo moja tu, halafu sitakusumbua tena."

Mnaona mambo? Mke mtarajiwa ananiita mwongo, na hapo hapo ananiomba nimlindie mume!

"Nitafikiri," nikamwambia.

Alipoondoka sikufikiri chochote. Nilishajua nitakwenda. Na msidhani ni kwa sababu nina moyo wa malaika. Nitawaambia jambo ambalo sijamwambia mtu: kule juu ya mnara ndiko mahali pekee duniani ambapo mtu alikuwa anaingojea sauti yangu. Nilikuwa nimeikosa hiyo kuliko nilivyomkosa Lusajo mwenyewe.

Jumapili nikafika Bagamoyo.

"Karibu binti yangu," Mzee Sospeter akasema, akanipa hedifoni haraka haraka asije akaniona macho.

Dulla alikuja akasimama mbele yangu, amevaa helmeti tayari. "Konso, mimi..." Akanipa mkono, akaenda kwenye boti. Anifa alinipa maji ya kunywa. Nikayapokea. Nikapanda.

Bendera ikashuka!

Siku hiyo niliongea vizuri kuliko siku zote. Bahari ilikuwa chafu, upepo unasukuma kutoka kila upande, lakini mimi nilikuwa naiona mistari ya mawimbi kabla haijazaliwa. Kushoto. Kulia. Ongeza. Shikilia hapo. Kipanga ikapita ya tatu, ikapita ya pili, ikawa mbele.

Ukabaki mzunguko wa mwisho. Hapo nikasikia kitufe kimebonyezwa. Safari hii kimebonyezwa kwa makusudi.

"Konso."

"Boya la pili, kushoto."

"Konso, nisamehe."

"Wimbi kushoto. Punguza."

"Nisikilize! Nimekaa hizi siku bila sauti yako, nimejua. Magreth ni mambo ya wazazi tu, nilisukumwa. Tukimaliza hapa nasitisha ile harusi. Narudi kwako. Nakuapia!"

Dulla akafoka, "Lusajo, endesha boti wewe!"

Mnataka kujua nilijisikiaje? Raha! Raha ya kijinga ikanipanda mpaka kooni. Nilikuwa nimeyasubiri maneno hayo kila siku juu ya ile simu iliyolala. Nikainama nione kama na wale wa chini wamesikia, wale waliokuwa kwenye grupu la harusi.

Nikamwona Magreth.

Amesimama karibu na mapipa ya mafuta. Alikuwa amekuja bila kumwambia Lusajo, na Anifa alikuwa amempa kipokea sauti chake asikilize, ili moyo umtulie.

Mkono wake uko mdomoni. Mwingine uko tumboni.

Na pembeni yake watu wote wa timu wanaangalia mchanga. Mzee Sospeter anafuta miwani.

Raha yote ikaniisha, ikatoka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Nilimjua yule dada kuliko mtu yeyote pale ufukweni.

"Konso, nijibu! Neno moja tu!"

Ningenyamaza, Dulla angetoa mafuta. Fainali ingeishia hapo, na wote wangenijua mimi ni nani. Nililifikiria hilo. Lakini nyuma yao kulikuwa na boti tatu zinakuja.

"Boya la mwisho, kulia. Ongeza."

"Konso..."

"Ongeza, Dulla. Nyoosha. Njia nyeupe."

Kipanga ikawa ya kwanza kuvuka mstari!

Ufukwe ukalipuka. Vuvuzela, vigelegele, watu wanarukia majini na nguo zao. Timu nzima ikakimbia kwenda kwenye boti. Anifa akakimbia. Mzee Sospeter na umri wake akakimbia.

Magreth akabaki peke yake.

Nikashuka. Nikatembea mpaka pale, nikageuza ndoo moja nikakaa, nikamvutia na yeye ya kwake. Akakaa. Tulikaa mabega yanagusana.

"Uliniambia," akasema. "Uliniambia nikiwa uani kwa mama yako, nikakuita mwongo."

"Ndiyo."

"Labda ni presha ya mashindano. Labda hakumaanisha. Eti Konso?"

Nilikuwa na nafasi ya kumpoza. Ni rahisi sana kumpoza mtu.

"Alimaanisha, mdogo wangu. Kama alivyomaanisha alivyokuwa anakwambia wewe. Atakuja hapa sasa hivi, na atasema lingine."

Kweli akaja. Medali shingoni, anakimbia kuelekea mnarani, mikono ameitanua, anaita, "Konso! Konso!" Simu za watu zinamrekodi.

Akatuona tumekaa wawili.

Miguu ikagoma.

"Magre... mpenzi, umekuja lini?"

Magreth akakitoa kile kipokea sauti sikioni, akakiweka kwenye kiganja ili akione. Lusajo akaangalia kile kidude, akaniangalia mimi, na mnajua alichosema? Mbele ya watu wote?

"Konso! Wewe uko juu, unaona kila kitu! Ulimwona amesimama hapa. Kwa nini hukuniambia?!"

Hata Dulla alishika kichwa.

"Mimi niliwekwa niangalie bahari, Lusajo," nikamwambia. "Huku kwingine ulipaswa uangalie mwenyewe."

Magreth akasimama, akajipangusa mchanga.

"Twende nyumbani, dada Konso. Leo sitaki kuolewa wala kuachwa. Nataka kwenda kwa mama yangu."

Tukaondoka. Njia nzima mpaka Kisarawe hakulia. Alilia tulipofika mlangoni kwao, mama yake alipotoka na kanga begani akiuliza, "Vipi, wameshinda?"

Harusi haikufanyika. Lusajo bado anaendesha boti, nasikia wamepata sauti nyingine. Magreth amejifungua mtoto wa kike na mara moja moja ananitumia picha. Hatujawa marafiki wa kutembeleana, tusidanganyane. Tukionana tunakumbushana mengi mno.

Mimi niko Visiga tena, chumba kilekile. Jioni ni kimya. Kuna siku upepo ukivuma najikuta nasema peke yangu, "Wimbi kushoto," halafu nacheka.

Somo? Mtu kukuhitaji si lazima awe anakupenda. Mimi wale watu waliniachia roho zao mdomoni mwangu, wakashindwa kuniachia ukweli wangu mwenyewe. Hilo nimeshalimeza.

Ila wewe unayesoma hapa, najua upo. Kuna mtu kazini kwenu, au mtaani, au kwenye kwaya, ambaye wote mnalijua jambo lake isipokuwa yeye. Na mna grupu lenu. Na mmekubaliana asiambiwe kwanza, kwa faida yake.

Mwambie leo. Atakutukana, atalia. Lakini atakuwa analia akiwa na mtu pembeni.